Unyayo Chini ya Kigae

Kuna wakati niliamini, tena kwa nguvu zote, kama mtu anavyoamini kwamba kesho jua litachomoza, kuwa mtu akikanyaga sakafu mbichi na unyayo wake ukakauka humo, basi hata aende mwisho wa dunia lazima atarudi kuukanyaga tena. Unyayo unamvuta. Anaweza kukawia, anaweza kupotea njia, lakini atarudi.

Msinicheke kabla hamjasikia ushahidi. Karibu na stesheni ya Tabora palikuwa na mbuzi. Mbuzi yule aliingia katika nyumba iliyokuwa ikijengwa, akakanyaga sakafu mbichi, akafukuzwa kwa mawe na matusi, lakini alama ya kwato ikabaki. Baadaye akauzwa Nzega, kule njia panda wanakouziana kila kitu. Haukupita muda, asubuhi moja watu wanaamka, mbuzi huyo! Amesimama ndani ya ile nyumba, kwato lake limo ndani ya alama yake kama mchi ndani ya kinu. Wengine walisema alirudi kwa miguu. Wengine, na mimi nikiwa mmoja wao, tulisema alipanda treni, ingawa mpaka leo reli haijafika Nzega. Palikuwa pia na kuku. Kuku alikanyaga, akachinjwa, akaliwa na mgeni kutoka Kigwa, na tangu siku ile mgeni huyo hakukosa kufika nyumba ile kila saa ya chakula. Ushahidi gani tena mnataka?

Na msidhani nilikuwa mtu wa hivi hivi. Nilikuwa msomi. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa kujisifu sana. Nilihitimu shule ya usiku ya misheni, nikaweza kusoma, kuandika, na kufanya hesabu za kugawanya ndefu kama reli ya kwenda pwani. Cheti changu nilikitundika ukutani, mahali ambapo hata panya akipita alilazimika kukisoma kwanza. Lakini kuhusu nyayo na sakafu shule ya usiku haikusema neno, kwa hiyo nikaendelea kuamini.

Mchana nilikuwa fundi wa sakafu pamoja na kaka yangu. Wazazi wetu walifariki tungali kijijini, upande wa Kigwa, na kaka ndiye aliyenileta mjini, akanifundisha kazi, akanilipia shule, akanipikia ugali mgumu ambao ungeweza kujengea daraja. Tulipanga chumba kimoja, tukalala kitanda kimoja, na tangu utotoni sikumbuki siku niliyolala bila kusikia mtu mwingine akipumua.

Kazi ninayotaka kuisimulia tuliifanya miaka ya baada ya vita kuu ya pili, Waingereza wangali wakitutawala. Ilikuwa nyumba kuukuu kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu begani, babu yetu akiwa mmoja wao. Kuta zake zilikuwa nene hata ukigombana chumba hiki, chumba cha pili wanajua umenyamaza. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kiislamu, mfanyabiashara wa asali na nta kutoka Ipole. Alikuwa ameagiza vigae vya saruji kutoka Dar es Salaam, vya kijani vyenye ua jeupe katikati, vikaja kwa treni ndani ya makasha yaliyojaa nyasi. Alitaka vilazwe sebuleni, na katika chumba cha pili kinachofuatana nayo, kabla ya Idi.

Watu wakiona sakafu ya vigae wanasifu vigae. Hawajui kwamba kigae ni kama mkwe: mahali ulipomkalisha vibaya, hapo hapo atakuaibisha. Chini yake pakiwa na shimo, kinalia. Pakiwa na kilima, kinacheza, kisha kinapasuka. Kaka alikuwa na msemo: "Watu wataona kigae, lakini kigae kimetuona sisi."

Kwa hiyo tuling'oa kwa sururu sakafu ya zamani ya udongo na chokaa, ambamo mchwa walikuwa wamejijengea mji mkubwa kuliko Tabora. Tukafukia mashimo yao, tukamwaga kokoto, tukamwagia maji mpaka udongo ukashiba, halafu tukaipiga. Kupiga sakafu si kazi ya mtu mmoja. Mnashika magogo madogo yenye kichwa bapa na mpini mrefu, mnasimama mkitazamana, mmoja anaanzisha wimbo, mwingine anaitikia, na magogo yanashuka kwa zamu. Wimbo ukiyumba, sakafu inayumba. Kaka alianzisha, mimi niliitikia, na sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba mende walihama na familia zao.

Juu yake ndipo linapokuja tabaka laini la mchanga na saruji, lile linalopokea vigae. Hapo kazi yote ni ubao. Ubao wetu ulikuwa mrefu, wa mninga, umenyooka kama maneno ya kweli. Huku ameshika kaka, huku nimeshika mimi, tunauvuta taratibu, kipande kwa kipande, kila kipande upana wa mkeka. Pakibaki shimo unaongeza, pakibaki kilima unakata. Kisha unaweka pima maji. Letu lilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi tuliyoijaza maji na kuacha kiputo kimoja tu ndani; kiputo kikitulia katikati, sakafu imekaa sawa. Kaka alikiamini kiputo kile kuliko alivyomwamini mchungaji. Na kazi hii tuliifanya peku, maana kiatu kinachimba. Kwa kuwa saruji inakula ngozi, tulijipaka nta nyayoni, nta ya mzee ya kutoka Ipole, tukanukia kama mizinga ya nyuki inayotembea.

Sasa, kwetu Unyamwezi zamani, mwanamume ambaye hajaenda pwani alihesabiwa bado kijana, hata awe na mvi. Kaka alikuwa na ugonjwa huo. Safari za pembe zilikuwa zimekwisha, lakini palikuwa na mkonge wa Tanga, na treni ilikuwa ikichukua vijana waliojiandikisha kwenda kuukata, wale tuliowaita manamba.

"Babu alikwenda pwani kwa miguu na mzigo begani," kaka akaniambia siku moja tukiwa tumeshika ubao. "Mimi niogope treni?"

"Babu alirudi."

"Na mimi nitarudi."

"Babu alirudi hana meno."

"Basi mimi nitarudi na meno yangu, na ukichelewa kuvuta ubao nakwenda na yako pia. Vuta!"

Nikavuta. Nilidhani ni mzaha. Lakini kesho yake alirudi nyumbani na buti alizonunua kwa askari mmoja aliyetoka vitani, na nikajua si mzaha tena. Buti hizo! Zilikuwa na ngozi ngumu iliyolia kila hatua, kwi, kwi, kama milango miwili inayosengenyana. Zikikaribia, mbwa walisimama wima. Tangu azinunue, nje ya kazi hakuzivua. Alikula nazo, alisali nazo, na alilala nazo. Hilo naweza kuapa, maana waliopigwa mateke usiku ni mifupa yangu.

Asubuhi ya safari yake nilikwenda kazini peke yangu. Nilitaka kaka anione nafanya kazi, si kulia. Nilikuwa ndani ya sebule, nimemaliza kutandaza kipande kilichokaa mbele ya mlango wa barabarani, nikauvuta ubao kadiri nilivyoweza. Nikasikia kwi, kwi, kwi, inakuja kwa njia ya misafara. Kaka akasimama mlangoni na kibunda chake, buti zinang'aa.

"Kaa hapo hapo," nikamwambia. "Bado mbichi."

"Naona. Na hapo kwenye kona umeacha kilima."

"Kilima kipi? Hayo ni macho yako, yameshaanza kuona milima ya Usambara."

Akacheka. Tulitazamana juu ya saruji ile mbichi, yeye upande wa barabara, mimi upande wa ndani, kama watu waliotenganishwa na mto.

"Nitarudi kabla vigae havijachafuka," akasema.

"Vigae ni vya kijani. Havionyeshi uchafu."

"Basi nina muda mrefu."

Akaegemea mbele kwa mkono mmoja ameshika fremu ya mlango, mimi nikaegemea kutoka huku, tukanyoosha mikono. Vidole viligusana, basi. Kisha akaondoka, kwi, kwi, kwi, mpaka sikuisikia tena.

Nikapiga magoti nikate kile kilima. Kilikuwepo kweli. Hapo treni ikapiga honi. Yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Nakumbuka mwiko ukianguka, halafu nakumbuka niko barabarani, nakimbia. Nilikimbia hata swala wa Ipole wangeona haya. Nilipofika stesheni mabehewa yalikuwa yameanza kusogea, madirishani vichwa vimebanana. Nikaita, "Kaka!" Vichwa vyote vikageuka, maana kila mmoja mle ndani alikuwa kaka wa mtu. Cha kaka yangu sikukiona.

Sikurudi kazini mara moja. Niliporudi jua lilikuwa limeelekea magharibi, na joto la kiangazi la Tabora lilikuwa limeikausha ile sakafu ikawa kama jiwe. Na katikati ya kile kipande, mbele ya mlango, palikuwa na unyayo. Umeelekea nje, kidole gumba kimezama kuliko vingine, kama wa mtu mwenye haraka. Nikauinamia. Nikahesabu vidole vyake kama mama anavyohesabu vya mtoto mchanga. Mtu aliyeelekea nje, mwenye haraka: nani mwingine? Ni kaka! Alipoegemea kunigusa vidole alikanyaga, nami sikuona. Nilikaa chini pale nikacheka peke yangu. Kaka amejifunga mwenyewe. Atarudi, kama mbuzi wa Nzega.

Kanuni ya kazi ilitaka niuzibe, nipitishe ubao, pawe laini. Sikuuziba. Kuuziba ilikuwa sawa na kumzibia njia.

Chumba cha pili kilikuwa hakijapigwa bado, nikakipiga peke yangu. Nilianzisha wimbo upande wa mlango, kisha nikahamia upande wa dirisha nikaitikia, kisha nikarudi mlangoni nikaanzisha tena. Nadhani kwa mwendo ule ningekuwa nimefika Tanga na kurudi. Mke wa mzee, bibi mmoja mwembamba aliyeketi uani akichuja nta, akaniita.

"Fundi! Humo ndani mko wangapi?"

"Shikamoo, Bibi. Tuko wawili."

"Marahaba. Mbona sauti ni moja?"

"Ni ndugu, Bibi. Tunafanana."

Akarudi kwenye nta yake. Kuvuta ubao peke yangu kulikuwa kubaya zaidi. Ukiushika katikati unakupinda mgongo. Ukiushika upande huu, upande ule unafanya unavyotaka. Bibi alikuja akachungulia, kitambaa cha kuchujia begani.

"Haya matuta, fundi, utapanda viazi au karanga?"

"Karanga, Bibi. Viazi havipendi saruji."

Nilivunja, nikatandaza upya, nikavunja tena. Mwishoni kiputo kikatulia katikati, nikageuka kumwonyesha kaka, nikakumbuka.

Vigae vikalazwa. Kabla ya Idi sebule ilikuwa kijani tupu, maua meupe yamepanga safu kama watoto wa shule. Nililaza vyote kwa saruji isipokuwa kimoja, mbele ya mlango wa barabarani. Hicho nilikiweka kikavu juu ya unyayo, nikakibana kwa vumbi la mchanga pembeni, kikakaa kama vingine. Wageni wa Idi wakakipita, wakasifu. Mzee akanishukuru mbele ya watu.

Baada ya hapo maisha yakawa marefu mno. Nilipata kazi nyingine, nikapata na wasaidizi wa kushika upande wa pili wa ubao, wazuri tu, lakini hawakujua kutukana kwa upendo. Jioni nilipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, nikala wa mmoja, na uliobaki nikawapa kuku wa jirani, wakanenepa hadi wakashindwa kuruka ua. Chumba kilikuwa kimya hata nikasikia cheti changu kikitikisika ukutani upepo ukipita. Kulala kitanda kizima peke yako ni jambo watu wanalolisifu. Mimi nililala pembeni vile vile, nikaacha nafasi ya buti.

Mara kwa mara nilipita kwa mzee. Nilichagua saa ambayo yeye yuko dukani.

"Nimekuja kukagua sakafu, Bibi."

"Sakafu haiumwi, fundi."

"Ndiyo maana tunaikagua, isije ikaumwa."

Akinyanyuka kunichotea maji, mimi napiga goti, naingiza ncha ya mwiko, nainua kigae, natazama. Upo. Nakirudisha. Nakunywa maji, naaga. Mvua zilikuja zikapita, asali mpya ikaletwa kutoka Ipole, ikaletwa tena nyingine. Manamba wa kwanza walianza kurudi na kofia mpya na miavuli, hata siku zisizo na mvua wameifungua. Nikamwuliza mmoja wao habari za kaka.

"Shamba lile ni kubwa, ndugu yangu," akasema. "Ukimwita mtu upande huu, yeye upande ule anasikia kesho."

Nikacheka, kwa sababu ulikuwa uongo mzuri, wa aina yangu. Halafu nikaenda kutazama unyayo.

Kilichoniumbua ni bakora. Mzee alianza kuumwa goti, akanunua bakora, na bakora ikawa inagonga kila kigae anachopita. Ka, ka, ka, ka, kisha mbele ya mlango: ko! Akarudi nyuma. Ka. Mbele: ko! Nikaitwa.

"Fundi msomi," akasema, "hapa chini umezika nini? Ngoma?"

"Kimelegea kidogo, Mzee."

"Basi kikaze. Nikianguka hapa nitakufa na jina lako mdomoni, na Mwenyezi Mungu ataniuliza ni nani huyo."

Nikachanganya saruji kwenye karai. Nikainua kigae. Mzee akainama, Bibi akasogea kutoka uani, wote wawili wakauona unyayo. Nilishika mwiko uliojaa saruji, na mkono ukakataa. Nawaambieni, mkono wangu uliokwisha kulaza vigae vya kutosha kufunika Tanganyika yote na kubaki vya Uganda, ulikataa.

"Tia," mzee akasema. "Unangoja nini?"

"Mzee, nisamehe. Nikiuziba huu, kaka hatarudi."

Nikawaeleza yote. Mbuzi wa Nzega, kuku, mgeni wa Kigwa. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta, akakohoa, machozi yakamtoka.

"Kwa treni!" akasema. "Mbuzi! Tiketi alikata wapi?" Akaenda zake barazani, bado akicheka, bakora ikigonga ka, ka, ka.

Bibi hakucheka. Alikaa kitako juu ya vigae, kanga ameikusanya magotini, akautazama unyayo, kisha akaitazama miguu yangu iliyopakwa nta. Saruji katika karai ilikuwa imeanza kukaza.

"Weka mguu wako hapo," akasema.

Nikauweka. Uliingia wote, kisigino na vidole, gumba likatafuta shimo lake likalipata.

"Sisi ni ndugu, Bibi," nikasema. "Tunafanana."

"Kaka yako alikuwa na viatu, mwanangu. Nilikuwa nimesimama pale uani, mlango wa nyuma uko wazi, niliwaona wote wawili. Hakuingia humu. Yeye aliondoka, treni ikalia, ukatupa mwiko ukaruka ukamfuata. Huo ni mguu wako."